Nani Kakwambia? Mitandao ya Kijamii Baina ya Jamaa, Darasani na Mbele ya Sheria

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi



Nimesomesha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 26, na katika muda huo nimeona simu ikiingia darasani, ikafukuzwa mlangoni, ikarudi kupitia dirishani. Nimeombwa nizungumzie athari za mitandao ya kijamii katika uhusiano wa watu, masomo na uhuru wa kusema. Ni mambo matatu, na kila moja lingetutosha jioni nzima. Lakini naamini shina lake ni moja, nalo ndilo nililokuja kulionyesha: tumepoteza mazoea ya kuuliza neno limetoka kwa nani, na ya kutaja tulikolitoa.

Nilipokuwa mdogo, mtoto akija mbio nyumbani na habari, mama hakuuliza kwanza kama ni kweli. Aliuliza, "Nani kakwambia?" Ukijibu "nimesikia tu," habari iliishia pale pale barazani. Ukimtaja mtu, mama alimjua mtu huyo: ni wa kukuza mambo, au ni wa kupima maneno kabla ya kuyatoa. Habari ilipewa uzito wa aliyeileta. Waliosoma chuoni, yaani madrasa, watakumbuka kwamba elimu ya hadithi za Mtume imejengwa juu ya jambo hili hili, yaani isnadi, msururu wa wapokezi, fulani kapokea kwa fulani aliyepokea kwa fulani. Wanavyuoni waliyaweka kando maneno mazuri kabisa, yenye hekima na utamu, kwa sababu tu msururu wake umekatika mahali.

Kabla sijaingia kwenye hoja, niondoe dhana moja. Si kweli kwamba watu wetu hawakuwa na mitandao kabla ya intaneti. Walio na umri wangu wanakumbuka kadi za salamu za redio. Uliandika jina lako, sanduku lako la posta na mji wako, kisha majina ya wale unaowasalimu, na mtangazaji akazisoma moja moja kwa sauti mpaka mwisho. Kabla ya hapo, gazeti la Mambo Leo lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923 liliwakutanisha washairi wa pwani na bara, wakaulizana mafumbo na kujibizana mwezi baada ya mwezi. Watu wasiowahi kuonana walijuana, wakapendana, na wengine wakagombana vikali. Lakini kila neno lilikuja na mwenyewe. Likikuudhi, ulijua pa kulipeleka jibu.

Hoja ya kwanza: mtandao umeturudishia jamaa zetu, na kwa njia hiyo hiyo ukapitisha uongo.

Nianze na jema, kwa kuwa ni kubwa. Shangazi yangu ni mzaliwa wa Mji wa Kale. Alisoma chuoni, anasoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za shule hakufundishwa. Binti yake yuko Dubai, mwaka wa 13 sasa. Miaka mingi mawasiliano yao yalikuwa simu ya dakika tatu, shangazi akipaza sauti kana kwamba ule umbali unavukwa kwa nguvu za kifua. Kupiga simu kwa WhatsApp kutoka Dubai hakuwezekani, kumezuiwa huko. Lakini ujumbe wa sauti unapita. Basi mjukuu akamwonyesha shangazi pa kubonyeza.

Nilikuwapo siku alipotuma wa kwanza. Alisema, "Hodi wenyewe." Akanyamaza, kidole bado kimebonyeza. Akasema, "Hujambo mwanangu?" Akanyamaza tena, kadiri ya muda wa mtu kujibu kwamba hajambo. "Watoto hawajambo?" Kimya. "Na huyo mwajiri wako?" Kimya kirefu zaidi. Ujumbe ulikwenda dakika nne, na karibu nusu yake ilikuwa nafasi ya majibu. Binti yake alituambia baadaye kwamba aliusikiliza jikoni alikoajiriwa, na kwenye kila kimya alijibu kwa sauti, peke yake, huku akikausha sahani.

Sitamsikiliza mtu anayeniambia kwamba mitandao imeua undugu bila kunieleza ataziweka wapi zile dakika nne.

Lakini yako mengine, na wazazi mliopo mnayajua. Liko kundi la mchango wa harusi au wa bili ya hospitali, ambamo orodha hunakiliwa na kurudishwa kila mara, namba moja fulani 5,000, namba mbili fulani 2,000, kila jina na alama ya tiki mbele yake. Zamani aliyekuwa na 50 aliifumbata kiganjani, akaupa mkono wa mwenye shughuli, wawili hao wakajua peke yao. Leo asiye nacho hujulikana na ukoo mzima kwa kukosekana kwake kwenye orodha. Nawaombeni ma-admini mlifikirie hili: andikeni jumla, acheni kuandika majina. Liko pia suala la tanzia. Kwetu, habari ya msiba hupelekwa na mtu. Huketi kwanza, hupewa maji, hutafuta njia ya kuingilia. Mwanafunzi wangu mmoja alijua kifo cha baba yake kwa picha aliyoiona kwenye statasi ya binamu, saa nne asubuhi, katikati ya kipindi cha hesabu. Nilimkuta kwenye ukuta wa maabara ameishika ile simu mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

Nalo la tatu ni langu mwenyewe, na sikulisema hadharani mpaka leo. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa hofu ya korona, niliipata sauti ya mwanamume aliyejitaja kuwa daktari. Alizungumza vizuri, kwa upole, Kiswahili safi. Akasema mvuke wa ndimu na mwarobaini unaua kirusi, mtu ajifunike shuka juu ya sufuria. Niliisambaza kwenye makundi matatu. Siku mbili baadaye mtoto wa jirani yangu alimwagikiwa na ile sufuria, paja lote likaungua. Nilipokwenda kumpa pole mamake nikamwuliza, kwa mazoea tu, nani alimwambia habari ya kufukiza. Akanitazama. "Sauti ile umenitumia wewe, mwalimu."

Kwa hiyo si kweli, kama tunavyopenda kusema, kwamba uongo wa mtandaoni hauna msimulizi. Kwa yule mama isnadi ilikuwapo, na mpokezi alikuwa mimi. Hakumwamini daktari asiyemjua. Aliniamini mimi aliyenijua miaka 15, na mimi nilimkopesha mtu nisiyemjua amana yangu yote kwa kugusa kioo mara moja. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Kovu analo.

Hoja ya pili: mtandao humfundisha anayekwenda kusoma mwenyewe, na humpumbaza anayesomewa.

Shule zilipofungwa Machi 2020, walimu tulipiga picha kurasa za vitabu tukazituma. Tuliamini tunafundisha. Mwanafunzi wa Likoni, nyumbani kwao mna simu moja, ya baba, na baba huondoka nayo alfajiri kuwahi feri. Akirudi usiku, maswali 40 yanasubiri na bando limekwisha. Watahiniwa waliporudi mwezi Oktoba tulikuta darasa limegawanyika mara mbili, na mgawanyiko huo haukuwa wa akili.

Hilo ni la uwezo, na serikali inaweza kulitatua kwa fedha. Linalonisumbua zaidi ni jingine. Mwaka mmoja nilikuwa nasahihisha insha za riwaya ya Nguu za Jadi, ya Clara Momanyi, iliyoteuliwa kwa mtihani wa KCSE. Nilikuta sentensi nzuri, iliyopinda vizuri, yenye msamiati wa juu. Nikaipa tiki. Nikaikuta kwenye daftari la pili, kisha la tatu. Madaftari yalifika 11. Ndani ya sentensi hiyo tendo la mhusika mmoja limepewa mwingine, na kosa hilo wote 11 wanalo. Nikamwita mmoja wao. Nani kakwambia? "Iko kwenye kundi, mwalimu." Nani aliiweka? Hakuna aliyejua. Lilikuwa jambo la mwaka wa nyuma, limetoka shule nyingine, limenakiliwa kutoka mwongozo uliopigwa picha vibaya. Riwaya yenyewe ilikuwa kwenye mikoba yao. Kurasa za nusu ya pili zilikuwa bado zimeshikana.

Wauza mitihani ya uongo kwenye Telegram sitawazungumzia sana. Kila msimu wa mitihani wanajitokeza, kila msimu mzazi fulani anatuma pesa kwa M-Pesa, anapata karatasi ya kubuni. Ni wizi, na polisi wanajua la kufanya na wezi.

Nataka badala yake niwakumbushe Juni 2024, kwa sababu ndipo nilipoona masomo ya kweli yakifanyika kwenye mitandao, na si mwalimu aliyeyaanzisha. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa kitabu kizito cha Kiingereza cha kisheria. Ulitaka mkate utozwe ushuru wa ziada ya thamani (VAT) wa asilimia 16, na wenye magari walipe asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana waliuchukua, wakaugawana, wakaueleza kwenye TikTok na X kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani. Nilizitazama video hizo nyingi. Zilizonivutia zilifanana kwa jambo moja: kijana alishika simu kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaonyesha kifungu, akataja namba yake, akasema fungua hapa usome mwenyewe. Hiyo ndiyo isnadi. Aliyetazama hakuombwa amwamini kijana. Alipewa njia ya kwenda kwenye chanzo.

Na nguvu yake ilionekana. Tarehe 18 Juni serikali iliondoa ushuru wa mkate na kodi ya magari katika mswada. Yaliyofuata mnayajua, na yanauma kuyasema: tarehe 25 Bunge likapitisha mswada, waandamanaji wakaingia Bungeni, risasi zikapigwa, vijana wa umri wa wanafunzi hawa waliokaa nyuma pale wakafa. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Mwalimu wa somo la uraia anaweza kufundisha miaka 30 asipate kuona wanafunzi wakisoma mswada kifungu kwa kifungu. Wale waliusoma.

Hoja ya tatu: sheria inayoziba midomo hairekebishi uongo.

Hapa ndipo penye hatari ya kunielewa vibaya, na naomba mnivumilie. Kama nasema kila neno litajwe limetoka kwa nani, je, simpi askari silaha? Je, si ndivyo watawala wasemavyo: jitambulishe, jisajili, tukujue?

Tutazame walivyofanya. Hapa Kenya, mwaka 2015, Geoffrey Andare alikamatwa kwa aliyoyaandika kwenye Facebook, akashtakiwa chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Kifungu kile kiliadhibu ujumbe wa "kuudhi" au wa kusumbua mtu, kwa faini au kifungo cha miezi mitatu. Kuudhi nani, kwa kipimo gani, hakikusema. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikifuta kwa sababu hiyo: raia hawezi kujua lini amevunja sheria yenye maneno mapana kiasi kile, na Ibara ya 33 ya Katiba inamlinda anapotoa maoni yake. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, nayo ikaweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa habari za uongo. Jaji alifunga mlango, sheria hiyo ikafungua dirisha.

Majirani zetu wamefanya yao. Tanzania, kwa kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, ilimtaka mwenye blogu alipie leseni ya shilingi milioni moja za huko, na JamiiForums, baraza kubwa la mjadala la Watanzania, likalazimika kufunga milango kwa muda. Uganda, kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo huo, ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa yeyote anayetaka kutumia mitandao ya kijamii. Na kuzima kabisa kumekuwa mazoea ya siku za kura: Kongo mwisho wa 2018, Uganda Januari 2021, Tanzania tarehe 29 Oktoba 2025. Waliokuwa na ndugu Dar es Salaam siku zile wanajua ilivyokuwa. Hapa Mombasa watu walikaa na simu mikononi, wakipiga bila kupata, na kila fununu iliyovuka mpaka wa Lungalunga ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Nani kakwambia? Dereva wa basi. Naye kaambiwa na nani?

Tofauti ninayoitafuta, kati ya kutaja chanzo na kumkabidhi msemaji kwa askari, nimeiona kwa Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums. Desemba 2016 alikamatwa na kushtakiwa, moja ya makosa likiwa kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji walioandika mambo ambayo wenye nguvu hawakuyapenda. Lile baraza liliruhusu watu waandike kwa majina ya bandia. Liliwahifadhi wasemaji, likabeba lawama kwa niaba yao. Ndivyo mhariri mzuri wa gazeti alivyofanya siku zote: anamjua aliyempa habari, amempima, ameihakiki, na anasimama mbele ya habari hiyo kwa jina lake mwenyewe. Mpokezi anayemficha mnyonge ili asiumizwe yuko ndani ya isnadi. Aliye nje ya isnadi ni yule anayeirusha habari asiyoihakiki kisha akajificha nyuma ya neno "nimeipata hivyo hivyo." Sheria zetu zinamwinda wa kwanza na kumwacha wa pili.

Wala sisemi kwamba maneno hayaui. Meareg Amare alikuwa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia. Mwaka 2021, wakati wa vita vya Tigray, zilitokea posti za Facebook zenye jina lake na picha yake, zikimsingizia. Novemba alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Mwanawe, Abrham Meareg, anasema aliziripoti posti hizo. Desemba 2022 alifungua kesi dhidi ya Meta, kampuni yenye Facebook, hapa kwetu, Mahakama Kuu ya Nairobi, kwa kuwa kazi ya kupitia posti za eneo letu ilifanyika Nairobi. Aprili 2025 mahakama ikaamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza.

Hoja ya nne, kwa ufupi: wenye mitambo nao waulizwe.

Mpangilio wa programu si ajali. Ukisambaza ujumbe kwenye WhatsApp, jina la aliyeuandika mwanzo haliendi nao. Linabaki neno tu la kwamba umesambazwa, na ukishapita mikono mitano au zaidi, kwamba umesambazwa mara nyingi. Kampuni iliweza kupunguza: Januari 2019 iliweka kikomo cha kusambaza kwa watu au makundi matano, na Aprili 2020 ikaubana zaidi ujumbe uliokwisha kuzunguka sana, uende kwa mmoja tu kila mara. Kwa hiyo inawezekana. Na kazi ya kusafisha uchafu wa Facebook ilitupwa kwa vijana wa Afrika walioketi Nairobi wakitazama mauaji na ukatili zamu nzima. Daniel Motaung, mmoja wao, aliishtaki Meta na kampuni iliyomwajiri mwaka 2022. Wengine zaidi ya 180 walifuata mwaka 2023. Kesi hizi zinastahili kufuatwa na walimu na waandishi wa Kiswahili kwa karibu kuliko tunavyofanya, maana ni lugha yetu pia iliyokuwa ikipimwa katika vyumba vile, na mishahara midogo ndiyo iliyoamua ipimwe kwa haraka gani.

Sasa nieleze tunachokusudia. Kuanzia muhula ujao, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hawatapata alama kwa sentensi yoyote kuhusu riwaya mpaka waandike pembeni namba ya ukurasa walikoitoa. Wakiitoa kwenye kundi, waandike kundi, na waseme nani aliiweka. Walimu wenzangu wawili wamekubali kufanya hivyo katika shule zao. Nimeomba pia kwa makundi manne ya mtaa wetu, na matatu yamekubali, kwamba sauti au picha isiyo na chanzo ikiwekwa, mtu yeyote anaweza kujibu kwa maneno mawili tu, "Nani kakwambia?", na aliyeiweka asione ametukanwa. La nne bado tunajadiliana nalo.

Na kila Jumamosi baada ya alasiri, tutakutana uso kwa uso tukiwa na simu zetu, tuzifungue habari za wiki, tuzifuate nyuma mpokezi kwa mpokezi mpaka tuone zinapokatikia. Daftari la majina liko mezani pale mlangoni, na nyinyi wanafunzi wa nyuma ndio mko karibu nalo. Shangazi ameshaniambia atakuja. Ametaka apewe kiti cha dirishani, na ametaka ajue kama binti yake anaweza kushiriki kwa ujumbe wa sauti. Nimemwambia tutamwachia nafasi ya kujibu.